Toa Sauti

Ujumbe wa shule uliingia kwenye simu ya Randa akiwa katikati ya kukata ubao, naye hakuufungua. Ujumbe wowote uliozidi mstari mmoja alimwachia binti yake, Kasuku, ambaye ndiye aliyekuwa na macho ya kusoma haraka na mdomo wa kueleza. Akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, akamaliza ubao wake, akafunga karakana na kurudi nyumbani akipiga mluzi. Angejua alichobeba mfukoni, mluzi ungemkauka mdomoni.

Nyumbani Kasuku aliusoma kwa namna aliyoizoea tangu utotoni: mdomo kwa baba, mikono kwa mama, vyote kwa wakati mmoja. Mama yake alikuwa kiziwi wa kuzaliwa. Watu wa mtaa hawakuchoka kulichekea jambo hilo, kwamba mwanamke asiyesema amezaa mtoto asiyefunga mdomo, na huko ndiko jina la Kasuku lilikotoka. Mama naye akawa Mama Kasuku, na alipoelezwa utani wenyewe alicheka kuliko wote.

"Video ya mwombaji tumeiona," Kasuku alisoma. "Ishara zinakatika katikati na maneno mengi hayafiki mwisho. Kama tatizo ni video, leteni nyingine kabla ya Ijumaa mchana. Kama tatizo ni mwombaji, tunasikitika, hatuwezi kuweka mbele ya watoto mwalimu mwenye kigugumizi cha mikono."

Mdomo ulimaliza sentensi ya mwisho. Mikono iliishia njiani.

"Malizia," mama yake akamwambia. Alisema kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeviringishwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Kasuku akamalizia, huku macho ameyapeleka pembeni.

Mama Kasuku alikaa kimya, nikisema kimya nina maana mkono ulilala mapajani. Kisha ukainuka, ukasema polepole ili mumewe naye aelewe: "Kiziwi mwenye kigugumizi. Hii kali."

Hakuna aliyecheka.

Kwa miaka mingi mwanamke huyu alikuwa akishona sare za shule ya viziwi iliyo ng'ambo ya soko. Kila alipopeleka mzigo wa sare alisimama kidogo kwenye uzio wakati wa mapumziko, akawatazama watoto wakigombana, wakidanganyana na kusimuliana uongo kwa vidole, na kila mara alirudi nyumbani na la kuwarekebisha: yule mdogo anakosea neno "jana", yule wa meno mapengo anaongea kama mlevi. Alitaka kuwafundisha. Alilitaka jambo hilo kwa namna ambayo mtu hulitaka kwa siri, akijua kwamba hana cheti na kwamba cheti huulizwa kwanza. Halafu shule ikatangaza kwamba inamtafuta mtu wa kuwafundisha wadogo lugha ya ishara, cheti si lazima, lugha ndiyo lazima. Kila mwombaji asimulie kisa cha maisha yake kwa ishara na kukituma kwa video.

Kasuku alimrekodi mama yake sebuleni kwa kamera ya kukodi. Siku chache baadaye pasi ya mkaa ilimwangukia Mama Kasuku mkononi, na daktari akasema vidole hivyo visikunjwe mpaka yeye atakapoifungua bandeji. Kwa hiyo hapakuwa na kurekodi upya. Kilichosemwa kwa mikono miwili kilikuwa kwenye video ile tu.

Randa alitaka kumwambia mkewe maneno ya kumtia moyo, lakini ishara zake zilikuwa zile za jikoni na mlangoni: njoo ule, mvua inakuja, ufunguo uko wapi, nakupenda, chumvi imezidi. Alikuwa ameishi ndani ya lugha ya mkewe kama mpangaji, anajua njia ya kutoka chumbani hadi bafuni na basi. Marafiki wa mkewe walipokuja kutembea, aliwapokea na kujitambulisha kwa jina lake la ishara, kiganja cha kulia kikisukumwa mbele juu ya kiganja cha kushoto, kama mtu anayeranda ubao. Ndilo jina alilopewa na mkewe. Wao hucheka kila mara, naye hudhani wamefurahi kumwona.

"Tutaitengeneza," akamwambia mkewe kwa mikono yake mizito. Hiyo nayo aliijua, kwa sababu ndiyo anayoitumia kwa viti.

*

Duka la Mtaalamu lilikuwa chumba chembamba kilichojaa nyaya, na jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Yeye ndiye aliyeibadilisha video. Kamera ya kukodi ilikuwa ya zamani, ilitoa faili kubwa la aina ambayo mtandao wa shule ulilikataa. Shule ilipokea aina moja tu ya faili, tena liwe dogo.

"Mbona iko sawa?" alisema Mtaalamu baada ya kuifungua. "Sikilizeni kwanza hiyo sauti. Safi kabisa! Hata jogoo wa jirani anasikika."

Ni kweli, jogoo alisikika. Ilisikika pia feni, na mtu akipiga nyundo mbali, ambaye Randa alimtambua kuwa ni yeye mwenyewe karakanani. Kwenye kioo Mama Kasuku alikuwa akisimulia, na mikono yake ilikuwa ikirukaruka kutoka mahali hadi mahali bila kupita katikati.

"Picha inaruka," alisema Kasuku.

"Inaruka kidogo. Faili lilikuwa kubwa, dada yangu, ilibidi nipunguze. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, si ndiyo? Hiyo yenu ilikuwa na picha ishirini na tano kwa kila sekunde, nikaacha nane. Mtu akiwa anaongea, nani atahesabu picha? Watu wanasikiliza."

Kisha akamgeukia Mama Kasuku, akanyoosha shingo na kupaza sauti mpaka wapita njia wakachungulia: "MAMA! VIDEO NI NZURI!"

Mama Kasuku aliutazama mdomo ule kama mtu anavyoutazama mfereji usiotoa maji.

"Bwana, mwambie mke wako," Mtaalamu akamwambia Randa.

Randa akainua mikono. Picha nane kwa sekunde. Mikono ikabaki hewani, haina pa kwenda. Duka zima lilimtazama mume asiyeweza kumweleza mkewe jambo, mpaka Kasuku akaingilia kati na kulieleza mara moja. Randa akajifanya anakuna kichwa.

Mama Kasuku alipoelewa, macho yalimtoka pima. "Kati ya picha na picha ndipo ninapoongea," alimwambia binti yake. "Mkono ukiwa umefika, neno limekwisha. Ametupa maneno yangu akaacha vituo vya mwisho."

Kasuku alitafsiri. Mtaalamu hakuwa mtu mbaya, na jambo lile lilimwingia.

"Hilo sikulifikiria hata kidogo," akasema. "Wallahi sikulifikiria. Leo nimefurikiwa na kazi, lakini faili lenu la kwanza ninalo, hili hapa kwenye flashi. Kama Kasuku ana kompyuta, kuna programu ya bure mtandaoni ya kubadilisha video." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe naitumia hiyohiyo. Msimwambie mtu."

*

Kompyuta ya Kasuku ilikuwa ya mkononi, kuukuu, aliyoachiwa na mwanafunzi aliyemtangulia chuoni, na ilikuwa imeng'oka herufi mbili. Waliiweka juu ya meza ya kazi karakanani, kati ya patasi na gundi, kwa kuwa huko ndiko umeme ulikokuwa wa kutegemewa. Randa alifuta vumbi la mbao kwa mkono wake mara tatu kabla hajaridhika.

Programu ilishuka taratibu. Randa alisubiri mahali pa kulipia pajitokeze. Hapakujitokeza.

"Bure kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Nani ameitengeneza?"

"Watu wengi. Kila mmoja ameongeza kipande chake, wengine hawajawahi hata kuonana. Wameiacha wazi, anayeitaka aichukue."

"Na wanajuaje kwamba sisi tunaihitaji?"

"Hawajui."

Randa akaikodolea macho ile programu, madirisha yake ya kijivu yasiyo na urembo. Yeye aliijua kazi ya mikono na aliujua uchovu wake. Mtu kuketi katika nchi ambayo Randa hakuijua, akaunganisha kitu hiki kiungo kwa kiungo mpaka kikashikana, kisha akakiweka barabarani na kuondoka zake bila kuangalia nyuma! Alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

"Sasa nielewe," akasema. "Faili ni nini?"

"Faili ni kama sanduku. Ndani kuna picha upande mmoja na sauti upande mwingine. Shule wanataka sanduku la aina yao, tena dogo. Programu inatoa vitu kwenye sanduku la zamani, inavikunja upya, inavipanga kwenye sanduku jipya."

Hilo Randa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Masanduku ndiyo yaliyomlea. "Kwa hiyo Mtaalamu, vitu vilipokataa kuenea, akavikata."

"Akatupa picha mbili katika kila tatu."

"Ala!"

Kasuku alilifungua faili la kwanza ili waone wanachoanzia. Na hapo ndipo Randa alipomwona mkewe.

Alikuwa amemwona kila siku, hilo halina ubishi. Lakini alimwona akiongea naye, au alimwona na marafiki zake kwa sekunde mbili tatu kabla hajatoka ili awaachie nafasi, kwa adabu. Hakuwahi kuketi akamtazama akisema na watu wanaoijua lugha yake. Mikono iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa na kasi ya cherehani. Ilichora, ikafuta, ikapanda, nyusi zikaingilia, bega likauliza, kidole kimoja kikatania kile ambacho mkono mzima umetoka kukisema. Kasuku alicheka mahali fulani, akacheka tena, naye Randa hakuwa amekamata hata neno.

"Anaongea hivi siku zote?" akauliza.

"Kwani ulidhani anaongeaje?"

Alidhani anaongea polepole. Miaka yote hiyo alidhani mkewe ni mtu wa maneno machache, mtaratibu. Kumbe alikuwa akimsubiri. Kila siku, mezani, kitandani, njiani, alikuwa akikunja kasi yake yote ili mumewe asiachwe nyuma, na hajawahi kulalamika. Randa alisikia aibu na maajabu kwa pamoja, asijue lipi lianze.

"Endelea," akamwambia binti yake. "Picha zake zote zibaki. Hata moja isipotee."

Walijaribu. Kwa picha zote, sanduku lilikuwa kubwa mno, shule ingelikataa. Walipunguza ubora, sanduku likawa dogo, lakini vidole vikayeyuka vikawa uji. Walipandisha kidogo, likakua tena. Randa akaona kabati upande mmoja wa picha, kabati alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu.

"Hilo nalo linachukua nafasi?"

"Kila kitu kinachukua nafasi."

"Likate. Ni kabati zuri, lakini halina la kusema."

Wakalikata kabati, wakakata na ukuta. Likapungua, lakini bado. Ijumaa ilikuwa kesho yake. Kasuku alishika tama, naye Randa akaanza kuchonga kipande cha mti kisichokuwa na kazi yoyote.

Mama Kasuku akaingia na chakula cha mchana, kikapu kimening'inia kwenye mkono mzima. Alisimama nyuma yao akitazama kioo, madirisha ya kijivu na vijisanduku vyake. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja uliokuwa umewekewa alama ya vema.

"Hiki nini?" akamuuliza binti yake.

"Sauti."

"Sauti ya nani?"

Kasuku akafikiri. "Ya jogoo. Na ya baba akipiga nyundo."

Mama Kasuku akawageukia mmoja mmoja, kama mtu aliyewakuta watu wazima wakitafuta miwani iliyo usoni mwao. Mkono wake wa kushoto ukachota kitu hewani karibu na sikio, ukakitupa sakafuni.

Kasuku, kwa mazoea yake ya kutafsiri, akatamka: "Anasema, toa sauti."

Randa akaacha kuchonga. Akakohoa, akasimama wima. "Haloo?" akasema. "Haloo, haloo! Inatosha, au niongeze?"

Kasuku alicheka mpaka akashikilia meza. Mama yake alitaka kujua kuna nini, na alipoelezwa kwamba katika lugha ya midomo kuitupa sauti na kuipaza husemwa kwa neno lilelile moja, alishangaa kwanza, akawahurumia watu wanaosikia kwa lugha yao finyu, kisha naye akacheka kile kicheko chake kikubwa ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Lakini alikuwa amesema la maana. Watu walioitengeneza programu ile, Mtaalamu, hata Kasuku mwenyewe, hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu duniani ambaye sauti kwake ni mzigo. Sauti ndiyo iliyokuwa imekula sehemu nono ya sanduku. Kasuku akaiondoa ile alama ya vema. Nafasi yote ya jogoo na nyundo ikaenda kwenye vidole vya Mama Kasuku.

Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Hakuna aliyegusa chakula. Ulipofika mwisho, Kasuku akatazama ukubwa wa faili, akatazama tena.

"Limeenea," akasema.

Walimfungulia mama. Alitazama video yote kuanzia mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama, bila kupepesa, na mkono ulio ndani ya bandeji ukawa unatikisika kidogo, kama ungetaka kujiunga. Ilipokwisha alijigonga kifuani kwa kidole.

"Huyu ndiye mimi," akasema.

Kasuku akaituma. Shule ikajibu neno moja tu, kwamba imepokelewa, nao wakala chakula kilichopoa na kukiona kitamu.

*

Mama na binti walipoondoka, kompyuta ilibaki kwenye umeme karakanani. Randa alipaswa kupiga msasa milango miwili. Badala yake aliketi mbele ya kioo. Kasuku alikuwa amemwonyesha kitufe cha kusogeza video picha moja moja, na neno lile, picha moja moja, lilikuwa limemkaa kichwani. Kwa mwendo huo hata mpangaji angeweza kuikagua nyumba nzima.

Akabonyeza. Mkono wa mkewe ukasogea upana wa kucha. Akabonyeza tena.

Alianza kuyakamata maneno. Kijana. Mlango. Baba yangu. Kisa alikijua! Ni kile cha siku alipokwenda kutengeneza mlango wa baba mkwe wake, akamwona binti wa nyumba akimpungia vidole, na jioni akamtafuta mtu amfundishe namna ya kumwuliza jina. Kesho yake akamwendea binti yule mbele ya kaka zake wote, akauliza kwa ishara yake moja, kwa kujiamini kabisa. Binti akamtazama kwa mshangao, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amemkamata kuku, akamkabidhi. Alikuwa ameomba kuku. Kaka walianguka chini kwa kicheko. Randa alimwacha kuku, akaziacha na zana zake, akatoka mbio.

Mkewe alikuwa akisimulia hayo yote, kaka wakianguka, kuku akipapatika, uso wa kijana ukichuruzika jasho. Hapa sasa anakuja kumtaja. Randa akalitambua jina lake: kiganja cha kulia juu ya cha kushoto. Akabonyeza. Kiganja kikasukumwa mbele, kama randa juu ya ubao. Akabonyeza, kikafika ncha za vidole. Basi, jina limekwisha, angeweza kuendelea.

Akabonyeza, na mkono ukageuka.

Randa akasogeza kiti. Akabonyeza. Mkono ulikuwa umepinduka, mgongo chini, na sasa ulikuwa unarudi. Picha kwa picha ulirudi njia ileile uliyoiendea, ukafika katikati ya kiganja cha kushoto, na vidole vya kushoto vikaufunga. Picha iliyofuata ilikuwa neno jingine.

Alirudisha nyuma, akatazama tena. Alitazama kila mahali jina lake lilipotajwa kwenye kisa kile, na kila mahali ilikuwa hivyohivyo, haraka mno kwa jicho lake, lakini ipo. Kwenda, kugeuka, kurudi, kupokelewa. Hapakuwa na randa wala ubao. Watu wa mtaa walimwita Randa kwa kazi yake, naye akadhani mkewe pia kamwita hivyo. Mkewe alikuwa amemwita kwa kitu kingine, kwa sababu baada ya aibu ile ya kuku, kesho yake asubuhi, kijana alirudi.

Aliyekwenda akarudi. Ndilo jina alilokuwa akiitwa katika nyumba yake mwenyewe, mara ngapi kwa siku, na hajawahi kulisikia.

Halafu akakumbuka namna yeye anavyojitambulisha. Mkono mbele, basi. Akawakumbuka marafiki wa mkewe mlangoni wakiziba midomo. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapokea wageni nyumbani kwake kwa tabasamu pana akiwaambia: karibuni, mimi ndiye niliyekwishaondoka.

Randa alicheka peke yake karakanani mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Hakumwambia mtu. Milango ile haikupigwa msasa siku ile. Jirani aliyepita alimwona seremala ameketi juu ya lundo la maranda, akisukuma mkono mmoja juu ya mwingine, akiugeuza, akiurudisha, anakosea, anaanza tena.

*

Walipoitwa shuleni, bandeji ilikuwa imekwishafunguliwa. Ngozi mpya ya mkono wa Mama Kasuku ilikuwa nyepesi na ya kung'aa, na vidole vilikunjika kwa shida asubuhi, lakini vilikunjika. Aliviloweka kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kutoka. Randa alivaa shati la kola. Kasuku alikuja kwa ajili ya baba yake, maana huko wanakokwenda, kama mama yake alivyosema, mwenye ulemavu atakuwa Randa.

Mwalimu Mkuu alikuwa bibi wa makamo, kiziwi mwenyewe, mwenye miwani mizito na mikono isiyopoteza neno. Ndiye aliyeandika ule ujumbe. Randa alibaki mlangoni na kofia yake, kando ya binti yake, ambaye alimnong'oneza kila lililosemwa.

Waliongea, wale wanawake wawili. Walianza kwa heshima, polepole, kama watu wanaopimana. Kisha Mwalimu Mkuu akauliza jambo kuhusu watoto, Mama Kasuku akajibu kwa mwendo wake halisi, na mwenzake akaongeza mwendo naye, wakaenda hivyo mpaka Kasuku akashindwa kuwafuata na akaacha kunong'ona. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Ilisikika saa ya ukutani na mpasuko mdogo wa kiganja kinapokutana na kiganja. Randa alisimama pale akitazama, na hakutaka kuelezwa. Ilimtosha kwamba anajua sasa ni nini kilichokuwa kikipita mbele yake.

Mwishoni Mwalimu Mkuu alitoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Anasema watoto wanaanza Jumatatu," Kasuku alinong'ona, "na mama aje mapema kabla hawajapanga mstari."

Mikono yote miwili ya Mama Kasuku ilikuwa imelala kifuani pake, mmoja juu ya mwingine.

"Lakini anasema kuna jambo limemsumbua," Kasuku akaendelea. "Video ya kwanza aliielewa nusunusu. Yule mwanamume wa kwenye kisa, katika video ya kwanza jina lake lilikuwa Aliyeondoka. Akamhurumia mama. Akadhani ni kisa cha mwanamke aliyeachwa na kuku mkononi. Halafu ikaja video ya pili, jina likawa na mwisho." Kasuku akamgeukia baba yake, uso umemjaa mshangao, maana hata yeye, aliyekua akiliona jina lile kila siku, hakuwahi kuvifikiria vipande vyake. "Anauliza, kwa hiyo yule mtu alirudi? Na sasa yuko wapi?"

Mama Kasuku aligeuka mlangoni. Alimtazama mumewe na kuanza kuinua mikono polepole, ile polepole yake ya nyumbani, ili amweleze alichoulizwa.

Randa akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akampa binti yake kofia. Alifungua mdomo kujibu, kwa mazoea, kisha akaufunga, akasogea mbele mpaka katikati ya chumba ambako mwanga wa dirisha ulimfikia mikononi. Akafungua kiganja cha kushoto, akaweka cha kulia juu yake, akakisukuma mbele mpaka kwenye ncha za vidole. Mwalimu Mkuu alisubiri.

Randa akaugeuza mkono, akaurudisha, na vidole vya kushoto vikaufunga.